Baridi ile ile, nyumba nyingine: joto la nyumba zetu Mbulu na Hanang lilitoka wapi

SEHEMU YA 1

 

Kila Juni ikiingia kuna swali lazima niulizwe. Mara nyingi anayeuliza ni bibi aliyemsindikiza mkwe wake kliniki: "Nesi, sisi tulizaa watoto nane, tisa. Sweta hatukuwa nazo, blanketi ni moja la baba. Watoto walikua. Hawa wa siku hizi mnawavalisha nguo tatu tatu na bado kifua hakiishi. Kwa nini?"

Nimeamua nijibu kwa kirefu, kwa vipande, maana jibu lake ni historia ya nyumba zetu. Mwenye haraka ya mambo ya mtoto mchanga aende sehemu ya 5, ila akipata muda arudi huku juu, kwa sababu ya huko yanaanzia huku.

Kwanza tumalizane na hilo la "walikua". Wapo waliokua, ndio hao wanaotuuliza leo. Lakini wakati Tanganyika inapata uhuru, katika kila watoto watano waliozaliwa hai, mmoja hivi hakufikisha miaka mitano. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinasema sasa ni watoto 43 katika kila 1,000. Bibi ukimkalisha vizuri na kumuuliza alizaa wangapi na wangapi wapo, ananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani hakukuwa na kichomi. Kilikuwepo, na watoto walizikwa.

Ila kwenye suala la joto, bibi yuko sahihi. Alilala kwenye nyumba yenye joto kuliko unayolala wewe.

Ndugu zetu wa Dar hawaamini tukiwaambia huku kuna baridi. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kwenda Kainam unazidi mita 2,000. Katesh inakaa chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,417, na upepo ukishuka kutoka kule juu hauulizi mlango uko wapi. Juni mpaka Agosti usiku joto linashuka hadi nyuzi 10, na siku nyingine chini ya hapo. Mtu wa Norway atacheka, kwake hiyo ni siku ya kutoka na fulana. Lakini yule Mnorway baridi yake iko nje. Akifunga mlango, ndani ana nyuzi 20. Sisi saa 10 alfajiri ndani na nje vinakaribia kulingana, na mtoto wa wiki mbili amelala humo humo.

SEHEMU YA 2

Sasa hiyo nyumba ya bibi, au tuseme ya bibi yake bibi.

Masimulizi ya Wairaqw yanataja safari ndefu na mahali panapoitwa Ma'angwatay, kabla ya kufika Irqwa Da'aw, ile nchi ya vilima ya Kainam na majirani zake. (Habari kwamba tulitoka Iraq ya Waarabu, ile wanayopenda kutuambia kwenye mabasi, ilianza kama dhana ya watu kwa sababu majina yanafanana. Mtafiti mmoja wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliandika mwaka 1998 jinsi dhana hiyo ilivyogeuka kuwa "historia". Lugha yetu ni ya Kikushi, ndugu zake wako Ethiopia na Somalia.)

Kule juu watu walibanana. Chini tambarare kulikuwa na malisho, lakini pia kulikuwa na uvamizi wa Wamaasai waliofuata ng'ombe. Kwa hiyo wengi walijenga ndani ya mlima. Unachagua mteremko, unachimba mpaka ukuta wa nyuma unakuwa ni kilima chenyewe. Unasimamisha nguzo, unapanga magogo na fito juu, unafunika na majani, kisha udongo. Paa linalingana na ardhi. Nyasi zinaota juu yake. Mlango ni mdogo, wa kuinama, unatazama bondeni. Wazee husimulia kuwa adui aliweza kupita juu ya nyumba asijue kuna watu chini ya miguu yake.

Henry Fosbrooke, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyependa sana kuchunguza mambo ya watu, aliandika miaka ya 1950 kuhusu nyumba hizi kama mbinu ya kujihami. Ni kweli zilikuwa za kujihami. Lakini mimi nikizitazama kwa macho ya nesi naona kitu kingine: naona nyumba ambayo haipoi.

Udongo ni mvivu. Unachelewa kupata joto na unachelewa kulipoteza. Jua likipiga mchana kutwa juu ya paa la udongo, lile joto linaingia polepole, na usiku wa manane ndio linafika ndani. Ukuta wa nyuma ambao ni kilima chenyewe hausikii kabisa kama nje ni Julai. Ukichimba hata mita moja na nusu chini, joto la ardhi halibadiliki sana kati ya mchana na usiku. Mlango mdogo unazuia upepo. Dari ya chini inafanya hewa ya kupasha iwe kidogo. Hakuna aliyesomea uhandisi pale, lakini kila kitu kiko mahali pake.

Sio nyumba zote zilikuwa za kuchimba. Zilikuwepo za msonge zenye paa la nyasi nene, na zilikuwepo tembe, hasa watu walipoanza kushuka kwenye nchi tambarare. Wabarbaig kule Hanang nao walijenga nyumba za chini ndani ya boma la miiba, kuta za miti na udongo, paa bapa lililosiribwa. Zinatofautiana sura, lakini zote ni fupi, zote zina kuta nzito, na zote zina mianya michache.

Na zote zilikuwa na hita. Hita yenyewe ilikuwa na pembe.

SEHEMU YA 3

Ndiyo, ng'ombe. Jana watu wamecheka sana kwenye maoni lakini leo tuongee kwa utulivu.

Ng'ombe wetu wa kienyeji akiwa amelala tu anacheua, anatoa joto la kuzidi watu watatu waliolala. Weka ng'ombe wanne, ndama wawili, mbuzi kadhaa upande mmoja wa nyumba, familia upande wa pili, tenganisha na kizuizi cha fito. Hiyo nyumba imejaa moto usiotumia kuni. Kwa Wairaqw wa Irqwa Da'aw kulikuwa na sababu ya pili: ardhi ilikuwa ndogo, kwa hiyo samadi ilikusanywa ndani na kubebwa shambani kwa uangalifu mkubwa. Wasomi wa kilimo wametoka Ulaya kuja kuandika vitabu kuhusu mashamba yale. Ng'ombe alilinda usalama wake, alitoa maziwa, alirutubisha shamba, na alipasha nyumba. Chini ya watu ilikuwa ngozi, juu yao ngozi au shuka, na moto wa kuni katikati ukifukuta usiku kucha.

Usifikiri hili ni jambo la Afrika peke yake. Kaskazini-magharibi ya Scotland, kisiwa cha Lewis, watu waliishi hivyo hivyo katika nyumba walizoziita nyumba nyeusi: ukuta mnene wa mawe uliojazwa udongo, paa la nyasi, moto katikati bila bomba la moshi, ng'ombe upande mmoja na familia upande mwingine. Moja ya nyumba hizo, katika kijiji cha Arnol, ilikaliwa na watu mpaka mwaka 1966. Na kule nako wakuu wa afya waligombana na wananchi miaka mingi kuhusu ng'ombe kulala na watu. Kwa hiyo mama, mtu asikucheke kwamba babu yako alilala na ndama. Mzungu naye alilala naye.

Sasa nibadilishe upande, maana mimi ni nesi na sitaki mtu aondoke hapa akamrudishe ndama chumbani.

Nyumba ile ilikuwa na bei yake. Moshi haukuwa na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 peke yake moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano ni zaidi ya 237,000. Hiyo ni leo, tena baada ya zaidi ya nusu ya dunia kupata gesi na umeme. Kifua kikuu kinapenda chumba chenye giza kisichobadilisha hewa. Ng'ombe wana ugonjwa unaowatoa mimba, na mwanadamu anaupata kwa kugusa uchafu wa mnyama anapozaa na kwa kunywa maziwa mabichi. Homa zake hazina mwisho na mara nyingi watu wanadhani ni malaria.

Halafu kuna tauni. Vijana hawajui, lakini wilaya zetu ziko kwenye ramani ya tauni ya Tanzania. Ilizuka Mbulu na Karatu zaidi ya mara moja katika karne iliyopita, na mwaka 2007 ikarudi Mbulu baada ya ukimya wa miaka 30 hivi, watu wakafa. Tauni inaletwa na viroboto wa panya. Panya anafuata nini ndani? Mahindi yaliyowekwa darini, na joto. Watu wanalala chini, kiroboto hana safari ndefu. Joto lile lile lililomfaa mtoto lilimfaa na panya.

Kwa hiyo waliosema nyumba zibadilike hawakuwa wajinga. Wapo wanaowalaumu wamisionari na serikali kwa kila kitu, mimi simo. Ninachokilalamikia ni kimoja tu, nitakisema kesho.

SEHEMU YA 4

Mabadiliko hayakuja siku moja.

Wajerumani walipotawala, na baadaye Waingereza, uvamizi wa ng'ombe ukapungua. Hapo Wairaqw wakaanza kushuka kutoka Irqwa Da'aw: Karatu, Dongobesh, Haydom, mpaka Hanang. Usipoogopa kuvamiwa huna haja ya kujificha ndani ya kilima. Nyumba ikatoka ardhini, ikasimama. Huo ulikuwa uhuru, lakini ukuta wa kilima tuliuacha nyuma.

Wakaja wamisionari, Wakatoliki na Walutheri, na shule, na zahanati. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na misheni ya Kilutheri ya Norway. Majengo ya misheni yalikuwa ya mabati, na mabati yakawa ndiyo picha ya maendeleo. Ukitaka kujua kama mtu ana kitu, unatazama paa lake likiwaka jua. Mpaka leo mnajua, hakuna anayeposa kwa raha akiwa na paa la udongo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wazazi wetu wanaikumbuka: vikundi vya kusikiliza redio, vijitabu, nchi nzima, watu milioni mbili hivi walishiriki. Ilihusu malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara damu, kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Naiheshimu sana kampeni ile. Kazi yangu ya leo imejengwa juu yake. Novemba mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na kufikia 1976 watu walitakiwa wawe wamehamia. Viwanja vikapangwa kwa mistari. Mtu aliyehamishwa kwa haraka hajengi nyumba ya kuta nene. Anasimamisha kuta nyembamba za muda, na ya muda inakuwa ya miaka.

Hanang kulikuwa na jambo jingine tena. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu kwa msaada wa Canada, chini ya shirika la umma la NAFCO, na kufikia miaka ya 1980 ekari zinazokaribia laki moja zilikuwa zimechukuliwa. Hayo yalikuwa malisho ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao yalikuwa humo. Kesi zilifika mahakamani. Watu huzungumzia ardhi, na ni haki yao, lakini mimi nafikiria pia nyumba ya mama wa Kibarbaig ambaye kundi la ng'ombe wake lilipungua: maziwa yakapungua, siagi ikapungua, ngozi za kulalia zikapungua, na pumzi za mifugo usiku zikapungua.

Sasa lalamiko langu. Ng'ombe alitolewa nje, sawa kabisa. Paa la udongo likavuliwa, likawekwa bati, sawa, halivuji na halina panya. Dirisha likawekwa, vizuri, kifua kikuu hakipendi dirisha. Lakini hakuna aliyekaa chini akauliza: tumetoa vitu vitatu vilivyokuwa vinapasha nyumba hii, tumeweka nini badala yake? Kule Norway walikotoka wale madaktari, nyumba ya mbao ina kuta zilizojazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke, ina dari, ina jiko la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje. Sisi tulichukua bati na dirisha, hayo mengine hayakufika. Ushauri wa nyumba bora ulikuwa mmoja kwa Mbulu na kwa Tanga.

Bati lina unene usiofika hata nusu milimita. Jua likizama limeshapoa. Usiku wa anga safi, bila mawingu, linapoa kuliko hata hewa ya nje. Pumzi za watu zinapanda, zinagusa bati la baridi, zinakuwa maji, na asubuhi yanawadondokea. Kila mtu anayelala chini ya bati bila dari anakijua kile kijasho cha bati. Tukajenga na sakafu ya zege, inayopiga baridi miguuni, na tukaacha mwanya kati ya ukuta na bati kwenye kenchi ambao mkono unapita.

Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yaliposhuka Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80, waliopona walilala kwenye shule. Blanketi na magodoro yalikuwa kati ya vitu vya mwanzo kuletwa na wasamaria. Na Desemba kwetu sio miezi ya baridi kali. Familia ikipoteza nyumba huku kwetu, usiku ule ule inaanza kupigana na baridi.

SEHEMU YA 5

Tunafika kwenye kitu kinachonifanya niandike yote haya.

Nyumba ikiwa haishiki joto, mama atatafuta joto. Kuni ndani haziingii tena, dari ya bodi itaungua na macho yatawasha. Kwa hiyo anachukua jiko la mkaa, anasubiri liwake mpaka liwe jekundu lisitoe moshi, analiingiza chumbani, anafunga mlango na madirisha, anaziba mwanya wa chini kwa kitenge, familia inalala.

Wamama, naomba hapa msome polepole. Mkaa usiotoa moshi ndio hatari zaidi, kwa sababu unaaminika. Unatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozi. Ikiingia kwenye damu inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haitaki kutoka. Mtu anaumwa kichwa, anachoka, anasinzia, na anaona kama ni usingizi mtamu wa joto. Mjamzito akivuta kidogo, mtoto tumboni anaumia zaidi yake. Kila msimu wa baridi katika nchi yetu, nyanda za juu zote, kuna familia inayokutwa asubuhi haiamki. Nyumba ya udongo yenye moto wa kuni ilikuwa na moshi mwingi, ilimfanya mtu akohoe na kutoka nje. Mkaa haumwamshi mtu.

Kufungua dirisha "kidogo" usiku halafu jiko likae, nimeulizwa mara nyingi. Jibu ni hapana. Jiko likae jikoni au nje, lipashe maji, lipashe uji, libaki huko.

Mtoto mchanga apashwe na nini basi? Apashwe na wewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali moja ya akina mama huko Bogotá, Colombia, ilikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwapashia joto. Daktari Edgar Rey, na mwenzake Héctor Martínez, wakaanza kuwaweka watoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wima, wamefungwa kwa nguo. Ndiyo hiyo tunayoiita kangaruu. Muda mrefu ilionekana kama njia ya maskini wasio na mashine. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, yetu ikiwa Muhimbili. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwenye mashine kwanza, walikufa wachache kwa robo kuliko wengine. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi.

Mtoto mzima wa kilo tatu naye anapata faida hiyo hiyo ya joto. Joto lake linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5. Mkaushe vizuri akitoka tu, kofia kichwani, kifua kwa kifua, shuka au khanga imzungushe, na blanketi juu yenu wote wawili, uso wake uwe wazi. Asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Najua hili linaleta vita na mama mkwe ambaye maji ya moto ameshayaweka tayari. Mwambie kwa heshima, "Mama, nesi amesema kesho," mimi nibebe lawama. Na baba anaweza kumbeba hivyo hivyo wewe ukioga au ukilala. Kifua cha baba wa Kiiraqw kina joto kama cha mtu mwingine yeyote, nimepima.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Mmeniuliza sana kuhusu nyumba, hasa wanaojenga mwaka huu. Sikusomea ujenzi, lakini nawaambia pesa yangu ningeiweka wapi.

Kwanza dari ya chumba cha kulala, kabla ya vioo vikubwa, kabla ya rangi, kabla ya geti. Silingi bodi ukiweza. Ukishindwa, hata viroba vilivyofuliwa vikashonwa pamoja na kupigiliwa chini ya kenchi vinakata kile kijasho na vinaleta hewa iliyotulia kati yako na bati. Ila viwe chumba kisicho na moto, koroboi wala mshumaa, na ukague panya. Mwanya wa ukuta na bati uzibwe chumbani. Jikoni uachwe wazi, tena uongezwe, na jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi ni zawadi bora ya harusi kuliko kabati la vyombo. Jiko lijengwe mbali na wanapolala watoto. Ukuta wa tofali mbichi nene, ukisiribwa vizuri, unashika joto kuliko tofali la bloku jembamba. Mkisikia fundi anaudharau udongo, mkumbukeni bibi.

Mchana fungueni madirisha jua liingie, kuanzia kama saa 4 asubuhi. Magodoro yatoke nje. Saa 10 jioni, kabla baridi haijashuka, fungeni. Wairaqw wa zamani walimwita Mungu Looa, ambaye ni jua, na walimwona kama mama mwenye huruma. Kwa mwezi wa Julai saa 7 mchana, ukiwa umeegemea ukuta wa Kainam, unaelewa kabisa walimaanisha nini.

Usiku godoro lisigusane na zege. Kitanda, au mbao, au majani makavu chini ya mkeka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inaweza kupasha matandiko ya mtoto, lakini itolewe kabla hajalazwa, maana ngozi yake inaungua kwa joto ambalo mkono wako hauoni shida nalo. Na kumvalisha nguo nyingi mpaka anatoka jasho ni kumtengenezea baridi ya saa mbili baadaye. Gusa kifua au tumbo lake: likiwa na joto na nyayo zina joto, yuko sawa. Tumbo la joto na nyayo za baridi, ameanza kupoa, mweke kifuani. Vyote vya baridi, amelegea, hataki kunyonya, njooni hospitali na aje akiwa kifuani kwako, asije amefungwa kwenye blanketi peke yake.

Chanjo ya nimonia ipo nchini tangu 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haizuii kila kichomi, lakini inapunguza vile vibaya, na ni bure.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake akiwa ametulia au amelala, dakika nzima kwa saa, sio nusu dakika halafu unazidisha. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta hewa, usimalize hata kuhesabu. Iwe saa 9 usiku, iwe mvua, gonga kwa jirani mwenye pikipiki.